Waume wa Foleni

Ujinga wa kwanza ulikuwa kukubali kushika kile kipaza sauti. Najua yaliyofuata yanaonekana makubwa zaidi, maana kabla ya saa sita mchana wa siku iliyofuata nilikuwa nimeshakuwa mume wa mtu. Lakini nikianza kuorodhesha makosa lazima nianzie pale, nyuma ya pikipiki ya kijana mmoja wa bodaboda wa Kitaya, nimekaa kama mgombea udiwani, betri zimejaa na akili imeisha.

Mama alikuwa amenipa maneno ya kutangaza. Aliyasema polepole, akayarudia, kwa sababu ananijua.

"Kesho ni siku ya kliniki. Kina mama, kina baba, vijana, wote mnakaribishwa zahanati. Huduma zote mtazipata katika chumba kimoja. Basi. Ukifika hapo, nyamaza."

Nilifika hapo. Sikunyamaza.

Kwanza niwaeleze kuhusu Mama, vinginevyo hamtaelewa kwa nini nilikuwa kijijini mpakani na kipaza sauti badala ya kuwa nyumbani Mtwara nimelala kama wanafunzi wenzangu wenye likizo. Mama ni mtafiti. Anafundisha chuoni, na tangu nikiwa mdogo anaandika kuhusu sera za afya ya uzazi na huduma za VVU. Watu wanamwita Daktari kwa sababu ya shahada yake, na wakishamwita hivyo wanamwonyesha majipu. Kanisani, ibada ikiisha, utamwona amezungukwa na kina mama wenye migongo na magoti, naye anajitetea: "Jamani, mimi ni daktari wa makaratasi." Hawasikii. Siku moja mzee mmoja alimfungulia mdomo pale pale mlangoni amtazame jino.

Kukulia katika nyumba ya mtafiti wa uzazi si mchezo. Nyumba za wenzangu zina maua ya plastiki mezani. Sisi tuna nyonga ya plastiki, ile ya kufundishia. Nilipokuwa darasa la tatu niliivaa kichwani siku ya Krismasi nikawa askari, na shangazi aliyetoka Njombe kututembelea akaniuliza nimeipata wapi kofia nzuri hivyo. Shuleni jina langu la utani ni Uzazi wa Mpango. Sijalikataa, maana hata sisi watoto wenyewe tumepishana miaka kwa usawa, kama matofali. Mzee wangu, anayefanya kazi bandarini, hupenda kuwaambia wageni: "Mke wangu anaandika sera. Utekelezaji ni huu hapa, unakula ugali."

Sasa nieleze lile lililokuwa linamnyima Mama usingizi, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo.

Zamani zahanati ya Kitaya ilikuwa na mambo yake kwa mafungu. Wajawazito walikaa baraza ya mbele. Uzazi wa mpango ulikuwa na siku yake. Na wanaotumia dawa za kufubaza VVU walikuwa na chumba chao nyuma, mlango wao, na benchi lao, na benchi hilo lilitazama njia ya kwenda mtoni. Kila anayekwenda kuchota maji, kuvua au kulima mpunga bondeni alipita hapo. Ukikaa kwenye benchi lile, hata mbuzi wa kijiji walikuwa wanajua umefuata nini. Wapo waliofika, wakaona shemeji yao anapita na jembe, wakageuka kama watu waliosahau chungu jikoni. Walirudi nyumbani bila dawa.

Mama aliandika kuhusu benchi lile kwa miaka. Nilikuwa shule ya msingi alipoanza, na sasa nina miaka kumi na minane na ndevu ambazo nikizitaja nyumbani wanacheka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: weka kila kitu chumba kimoja, mlango mmoja, benchi moja. Mtu akiingia, wa nje asijue kama amefuata sindano ya uzazi wa mpango, kupima tumbo, au vidonge vyake. Kwenye makaratasi wanaiita huduma jumuishi. Nyumbani kwetu tuliita tu "chumba". Mzee alikuwa akirudi kazini anauliza, "Chumba hakijambo?" kana kwamba ni mtoto wetu mwingine.

Hatimaye Kitaya waliruhusiwa kukijaribu chumba kwa muda. Na muda huo ulikuwa unakwisha. Wageni kutoka wilayani walikuwa waje Alhamisi, siku ya kliniki, wajionee wenyewe. Baada yao kingefuata kikao Mtwara, na kikao hicho kingeamua mambo mawili tu: ama chumba kinabaki na zahanati nyingine zinafuata, ama mlango wa nyuma unafunguliwa upya. Benchi la zamani lilikuwa bado lipo, limeegemezwa ukutani miguu juu. Mama kila akipita alilitazama kama mtu anayemtazama nyoka aliyelala.

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua. Nilichukuliwa kubeba viti, na kwa sababu Mzee alisema nikibaki nyumbani nitamaliza unga.

Tatizo la mimi na kipaza sauti ni kwamba sauti yangu ikirudi masikioni ikiwa kubwa, naanza kuiamini. Tulizunguka kijiji, nikasema maneno ya Mama mara ya kwanza vizuri kabisa. Hakuna aliyegeuka. Bibi mmoja alikuwa anaanika muhogo juu ya jamvi, hata hakuinua kichwa. Nikaona aibu kwa niaba ya kipaza sauti. Nikakumbuka kuna utaratibu umebandikwa ukutani zahanati: mama mjamzito akija na mwenzi wake, anahudumiwa kwanza. Utaratibu huo haukuwa wa Mama, ulikuwepo, uliwekwa ili wanaume waanze kuona kliniki inawahusu. Lakini Mama aliupenda. Katika ripoti yake aliusifu ukurasa mzima.

Basi nikaubeba nikautangaza kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi.

"Mwenye mume hapangi foleniii! Njoo na mume, pita mbele kama bibi harusi! Asiye na mume aje na subira yake!"

Kijiji kizima kilicheka. Bibi wa muhogo akainua kichwa, akaniita, "Wewe ntoto, na wajane je?"

"Bibi, tafuta!" nikamjibu kwenye kipaza sauti.

Alicheka mpaka akakaa. Kijana wa bodaboda akapiga honi. Nikarudia utani ule kila kona mpaka betri zikaanza kukohoa, nikarudi kwa Mama nikamwambia kazi imekwisha, wameitikia vizuri.

Alhamisi asubuhi Mama alitoka nyumba ya wageni, akaiona baraza ya zahanati, akashika mdomo. Wanaume! Si mmoja wala wawili, baraza imejaa wanaume, kila mmoja kakaa ubavuni kwa mwanamke, wamenyooka kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Mama alinishika mkono, kitu ambacho hajakifanya hadharani tangu niote ndevu zile.

"Unaona?" akasema. "Miaka yote nalia wanaume hawaji. Unaona leo?"

"Naona, Mama."

"Umetangaza nini jana?"

"Yale yale."

Akaenda ofisi ya kijiji kuwasubiri wageni, anatembea kama msichana. Nami nikabaki kupanga viti, ndipo nilipoanza kuona vitu vidogo vidogo. Kwa mfano, yule kijana wangu wa bodaboda. Aliingia chumbani na dada mmoja, amevaa kofia ya mpira. Akatoka. Akazunguka nyuma ya jengo. Akarudi na baraghashia, amekaa na mama mwingine. Nikamfuata.

"Kaka, umeoa wangapi?"

"Nyamaza, shemeji," akaninong'oneza. "Umesema mwenyewe mwenye mume hapangi foleni. Hawa ni abiria wangu. Nawafikisha."

Nikatazama baraza vizuri. Yule pale ni fundi baiskeli. Yule ni muuza samaki, bado ana magamba mkononi. Wale wawili ni vijana wa timu ya kijiji, jana jioni nilicheza nao mpira, na hakuna hata mmoja aliyenitajia kwamba kesho atakuwa baba. Kitaya nzima ilikuwa imeazimana waume. Badala ya kustuka, mimi nilicheka. Huo ndio ujinga wa pili, na uliingia moja kwa moja kwenye wa tatu.

Pembeni mwa baraza, peke yake, alikaa mama mmoja wa makamo na tumbo lake na sufuria ya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, iliyofunikwa na kitenge. Alikuwa anauza pale getini, na jana yake nilikula ming'oko yake mpaka nikashindwa kuinama. Alikuwa amefika kabla ya wote. Kila akiinuka aingie, wawili wanapita mbele yake, anakaa tena.

"Wewe kijana wa kipaza sauti," akaniita. "Huna kazi?"

"Napanga viti, mama."

"Viti vimeshapangika. Mume wangu yuko ng'ambo, amekwenda kulima kwa ndugu zake Msumbiji tangu mvua, na mtandao wa simu huko anaujua mwenyewe. Umenitangazia nije na subira yangu. Imekwisha. Njoo uwe mume mpaka nitoke mlangoni."

"Malipo?"

"Ming'oko."

Mnisamehe, ni tamu. Nikaazima baraghashia ya kijana wa bodaboda, aliyekuwa kati ya ndoa moja na nyingine, nikaivaa, nikakaa ubavuni kwa mke wangu. Kina mama barazani wakaanza kukohoa kwa kicheko ndani ya khanga. Mmoja akaniambia, "Shemeji, mbona hujanyoa? Au hujaota?"

Kilichotuponza wote ni kwamba nesi wa siku zote wa Kitaya, anayemjua kila mtu na mume wake, alikuwa yeye mwenyewe yuko likizo ya uzazi. Nesi aliyekuwepo aliletwa kutoka zahanati nyingine kusaidia. Mama mtu mzima, miwani puani, hana mchezo. Hakuwahi kuniona.

"Karibuni," akasema. "Baba, sogea, kaa karibu na mama."

"Asante, nesi," nikajibu kwa sauti niliyoiazima kwa Mzee wangu.

"Umri, baba?"

"Naelekea thelathini."

Akashusha miwani akatazama kidevu changu. "Unaelekea kwa miguu?"

Mke wangu akainamia khanga yake, mabega yanatetemeka. Nesi akaendelea. "Huu ni ujauzito wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikasema.

"Wa nne," akasema mke wangu, kwa wakati mmoja.

"Nilikuwa safarini," nikaeleza.

Nilikuwa najisikia raha isiyo na kifani. Nilikuwa tayari nawaza nitakavyowasimulia wenzangu bwenini, nitaanzia wapi, nitaigiza vipi miwani. Ndipo nesi akavuta trei, akavaa glavu, akasema kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema:

"Haya. Tunawapima nyote wawili, na majibu mnapokea pamoja hapa hapa. Ndiyo uzuri wa kuja na mwenzako, hakuna kufichana."

Mabega ya yule mama yakatulia. Sikumwona usoni, nilimwona vidole tu: alikamata pindo la khanga akaanza kulikunja, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kabisa.

"Nesi," akasema, "si kila mtu angepokea ya kwake?"

"Mmekuja pamoja, mama."

Sijui ni kitu gani hufungua kichwa cha mtu kama mimi, lakini kilifunguka. Majibu yake, yawe mazuri au mabaya, ningeyasikia mimi. Mimi ninayeshindwa kukaa na kitu mdomoni hata kama ni moto. Na nje pale kijana wa bodaboda alikuwa ameshasikia ya dada mmoja, alikuwa anakwenda kusikia ya mwingine, na kesho atawabeba sokoni wote wawili. Mama alikuwa amehangaika miaka yote kujenga chumba ambacho mtu akiingia siri yake inabaki ndani. Mimi kwa kipaza sauti nilikuwa nimeiingiza nusu ya kijiji humo humo na kuipa viti.

Nikasimama. "Nesi, usimpime mbele yangu. Mimi si mume wake."

Nesi akavua miwani. "Unamkana mkeo na tumbo lake?"

"Simkani! Hata jina simjui!"

"Mungu wangu," akasema nesi.

"Anasema kweli," mama akaingilia. "Nimemwazima, nesi. Ni wa yule Daktari. Ni kijana wa kipaza sauti."

Nilipotoka nje, gari la wageni lilikuwa linasimama, vumbi linawatangulia. Mama alishuka pamoja nao. Mkuu wa msafara alikuwa mama mnene mwenye tai ya shingo kama ya wahudumu wa ndege, anatazama baraza na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Daktari," nikamsikia akisema, "wanaume wote hawa? Hii sijaiona kokote." Mama aling'aa. Naapa, aling'aa.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nililifikiria, na sitajifanya sikulifikiria. Ningenyamaza, wageni wangehesabu wanaume, wangerudi Mtwara, chumba kingepita, na Mama angepika pilau. Nikisema, wageni wangeandika kwamba chumba cha Daktari ni maigizo, na lile benchi la nyuma lingegeuzwa miguu chini. Lakini chumbani kulikuwa kunaingia wawili wengine. Kijana wa bodaboda, safari hii na kofia ya sufu.

"Mama, naomba nikuambie kitu."

"Baadaye."

"Mama, waume ni wa kuazima."

"Waume gani?"

"Wote. Hata mimi nilikuwa mmoja."

Mkuu wa msafara akageuka. "Na huyu ni nani?"

Mama akanitazama, akaitazama baraghashia kichwani kwangu. "Kwa bahati mbaya," akasema, "ni mwanangu."

Nikaeleza yote, haraka haraka, kuanzia kipaza sauti mpaka khanga iliyokunjwa. Nilipofika kwenye kupokea majibu pamoja, Mama hakusubiri nimalize. Alipita mbele ya wageni wote, akafika mlangoni, akamwambia nesi kwa sauti ya chini asimame kwanza, asisome jibu la mtu yeyote. Kisha akageukia baraza.

"Kina baba, naomba mtoke nje ya geti, mkanywe chai. Simuulizi mtu ni nani kwa nani. Wote."

Hapo ndoa za Kitaya zilivunjika kwa mpigo. Fundi baiskeli alikuwa wa kwanza kuruka ukuta. Vijana wa mpira wakakimbia kama wameona refa na kadi. Alibaki mzee mmoja tu, kashika fimbo, hasogei.

"Mimi ni wa kweli!" akalalamika. "Nimeoa huyu! Muulizeni!"

Mkewe akamtazama juu mpaka chini. "Simfahamu," akasema. "Nimemkuta njiani."

Baraza yote ikapasuka kwa kicheko. Mkuu wa msafara alicheka mpaka tai ikahama shingo. Mzee akaapa kwa majina yote ya watoto wao, mkubwa mpaka wa mwisho, ndipo mkewe akamhurumia. "Haya, nakumbuka. Nenda kanywe chai, nitakuita nikikutaka."

Kicheko kilipopungua, mkuu wa msafara aliuliza swali lililokuwa usoni mwake tangu nilipoanza kueleza. "Lakini kina mama, kwa nini?"

Wakaanza wote pamoja. Wa kwangu yuko ng'ambo. Wa kwangu amekwenda kambi ya uvuvi. Wa kwangu alifariki na tumbo hili likiwa changa. Wa kwangu yupo, lakini nikimwambia twende anauliza kwa nini, nani kakuambia nini. Mmoja alisema mwezi uliopita alikaa tangu asubuhi, kila wakija wawili anasogezwa, mpaka vipimo vikaisha akarudi na njaa yake. Yule mama wa ming'oko, aliyekuwa ametoka mlangoni, akasema, "Daktari, benchi la nyuma lilisema huyu ana ugonjwa. Benchi hili linasema huyu hana mwanaume. Tumehamia tu."

Mama akafanya kitu sijawahi kumwona akifanya kwenye kazi: alikaa chini barazani, katikati yao, na gauni lake la kikao, bila kalamu. Mkuu wa msafara akasimama kidogo, kisha naye akakaa. Nikatumwa kwenda kuwanunulia wote maandazi, na sikuambiwa hata asante.

Kisha kliniki ikaendelea. Mama na nesi waliita kwa kufuata aliyefika kwanza, mmoja mmoja, mlango unafungwa, kila mtu na lake. Anayemtaka mumewe ndani, aliitiwa. Yule mzee wa fimbo aliitwa, akapita kifua mbele, akanitazama kwa dharau kama mume wa kweli anavyomtazama wa bandia. Wa kwanza kabisa kuingia alikuwa mama wa ming'oko. Alipotoka nilimfuata nikamwomba radhi, na safari hii sikuigiza sauti ya mtu.

"Talaka nimeipokea," akasema. "Chukua mahari yako." Akanipa ming'oko kwenye mfuko.

Majibu yake siyajui mpaka leo. Napenda kwamba siyajui.

Njia nzima ya kurudi Mtwara Mama alikuwa anasoma ripoti yake na kukata mistari kwa kalamu. Wageni hawakuwa wamesema lolote la maana, walisema tu tutaonana kikaoni. Siku zilizofuata alikaa mezani, nyonga ya plastiki imesukumwa pembeni, anaandika upya. Mwenzake mmoja wa chuoni alimpigia simu kumshauri aliache tukio lile, litamchafulia utafiti, wanakikao watacheka. Nilimsikia akijibu: "Wacheke. Nikiliacha, nitakuwa nimepeleka kikaoni waume hewa." Ule ukurasa uliousifu utaratibu wa mume mbele aliutoa wote. Nilimpelekea chai bila kuombwa. Aliinywa bila kunitazama.

Siku ya kikao Mzee aliomba ruhusa bandarini akarudi mapema, akasema ni kwa ajili ya kutengeneza bomba, ambalo halikuwa bovu. Wadogo zangu walikaa dirishani. Mimi nilifagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Tukasikia bajaji inasimama. Mama akashuka na viatu mkononi, amebeba mkoba kwapani, uso hausomeki.

"Chumba hakijambo?" Mzee akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo.

Mama akakaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata na ufagio wangu. Akasema hivi:

"Chumba kinabaki, na zahanati nyingine zinafuata. Mume akija, karibu. Asipokuja, foleni ni ile ile, aliyewahi kawahi, na jibu la mtu ni la kwake kwanza. Na wewe, miaka yote nimewauliza wale kina mama maswali mazuri, wakanijibu vizuri, na hakuna aliyeniambia hili mpaka ulipokwenda na upumbavu wako. Usicheke. Bado nina hasira."